Bangi na ubongo wa kijana: kilichothibitika na kinachobishaniwa

Kijana wa Mombasa akitaka kujua bangi inamfanyia nini, ana majibu mawili ya karibu. La kwanza atalipata nyumbani, au kwa maalim, au kwa mwalimu wa zamu asubuhi ya gwaride: ukivuta utachizika, tutakuokota Makupa unazungumza peke yako. La pili atalipata maskani: haya ni majani tu, yameota ardhini, hayana dawa ndani yake, na mzee fulani anavuta tangu enzi za Moi na bado anaendesha matatu yake ya Bamburi bila hata kugonga kioo. Jibu la kwanza hufa siku kijana anapoona wenzake wanne wamevuta na hakuna aliyechizika. La pili huonekana kweli kwa sababu hiyo hiyo.

Majibu yote mawili yanaruka swali ambalo daktari wa akili angeanza nalo: ulianza ukiwa na umri gani? Baada ya hapo angeuliza unavuta mara ngapi kwa wiki, na bangi yenyewe ni kali kiasi gani. Mengi kuhusu bangi bado yanabishaniwa na watafiti, na ubishi huo nitauanika hapa, maana kuuficha ili kuwatisha watoto ndiko kulikotufikisha kwenye hali ya kutosikilizwa. Lakini jambo moja linajirudia utafiti baada ya utafiti. Aliyeanza akiwa na miaka 14 na aliyeanza akiwa na miaka 28 hawavuni sawa, hata kama wanavuta msokoto mmoja.

Na si watu wachache wanaohusika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi wakati huo, yaani mtu 1 kati ya 53.

Mfumo ambao ubongo unao tayari

Kitu kinacholewesha ndani ya bangi kinaitwa THC. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni ndio waliokitenga na kukitambua mwaka 1964, huko Israel. Likabaki swali gumu zaidi: kwa nini ubongo wa binadamu uitikie kemikali ya mmea hata kidogo? Jibu lilisubiri zaidi ya miaka 20. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi ambavyo THC hujishikiza navyo. Leo tunaviita CB1. Mwaka 1992 ikapatikana kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo, ikaitwa anandamidi. Miaka mitatu baadaye ikatambuliwa ya pili, 2-AG. Kwa hiyo mfumo huu tunazaliwa nao. THC inaukuta upo, na unafanya kazi.

Kazi yenyewe ni kupunguza kasi. Seli moja ya neva hupeleka ujumbe kwa jirani yake kwa kumwaga kemikali katika mwanya mdogo ulio baina yao. Ujumbe ukizidi, seli inayopokea hutengeneza 2-AG au anandamidi na kuirudisha kinyumenyume kwa yule anayetuma, kumwambia apunguze. Ni kama mfanyakazi wa feri upande wa Likoni anayewapigia simu wenzake wa upande wa kisiwani: msipakie magari zaidi, huku kumejaa. Simu ni fupi, inahusu gati moja, na punde kazi huendelea. THC hupuliza filimbi kwenye magati yote kwa wakati mmoja, na hupuliza kwa saa kadhaa.

Vipokezi vya CB1 vimetapakaa mahali pengi. Vimo katika hipokampasi, sehemu inayoweka kumbukumbu mpya. Vimo katika amigdala, inayoshughulika na hofu, ndiyo maana mmoja akivuta hucheka na mwingine huona kila gari linalopita ni la polisi. Vimo katika ubongo wa nyuma unaosawazisha mwendo, jambo ambalo mteja wa bodaboda angependa kulijua kabla ya kupanda. Na vimo kwa wingi katika gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, tunakopimia mambo na kujizuia.

Mahali ambapo CB1 ni vichache sana ni shina la ubongo, linaloendesha pumzi. Hapa watu wa maskani wana haki yao. Heroini, ambayo mji huu umezika vijana wengi kwa ajili yake, huua kwa kuzima pumzi. Bangi haiui kwa njia hiyo. Anayemwambia mwanawe kwamba vitu hivi viwili ni sawasawa anasema jambo ambalo mtoto ataligundua kuwa si kweli, tena mapema.

Miaka ambayo ubongo unajipanga

Ubongo wa mtoto wa miaka 6 tayari umekaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na hapo ndipo wengi wetu hukosea tukadhani umeshakamilika. Kinachobaki ni mpangilio. Kuanzia kubaleghe, ubongo huanza kuondoa miunganisho ambayo haitumiki na kuimarisha inayotumika. Wakati huo huo, nyuzi za neva zinazotumika sana huvikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, unaofanya ujumbe usafiri upesi. Kazi hii huanzia sehemu za nyuma na kusonga mbele taratibu. Gamba la mbele ndilo la mwisho kukamilika, na hukamilika mtu akiwa katikati ya miaka yake ya ishirini. Kijana wa miaka 16 ana hisia za mtu mzima na breki ambazo bado ziko kwa fundi. Mzazi yeyote wa Kisauni au Changamwe angekuambia hilo bila kipimo cha MRI.

Jambo ambalo si rahisi kuliona kwa macho ni kwamba mfumo wa CB1 ni miongoni mwa vinavyoongoza upangaji huo. Ishara zake za kupunguza na kuachia husaidia kuamua muunganisho upi ubaki na upi uondoke. Mtu mzima anayevuta anachokoza mfumo unaoendesha nyumba iliyokwisha kujengwa. Kijana anamchokoza fundi akiwa bado juu ya jukwaa. Majaribio ya panya yanaelekea huko huko: panya waliopewa THC katika umri wao wa ujana hubaki na kasoro za kumbukumbu na za gamba la mbele hata baada ya kuachishwa, ilhali waliopewa kiasi hicho hicho wakiwa wakubwa mara nyingi hurudi sawa. Panya si mtu, naam. Lakini watoto wa watu hauwezi kuwagawa makundi mawili ukawavutisha bangi kundi moja ili uone, na ndiyo maana elimu yote hii ina ubishi ndani yake.

Athari ya papo hapo ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Mchukue kijana wa miaka 15 anayehifadhi Kur'ani. Juzuu Amma aliimaliza akiwa na miaka 9, na ukimwamsha usiku wa manane ataisoma bila kukwama. Sasa yuko katika Sura Yusuf, na maalim hamwelewi tena. Aya anaisoma mara kumi huku akiangalia, anafunga msahafu, neno la kwanza linakuja, la pili linakuja, kisha anakodoa macho. Aya aliyoipata jana haipo leo. Mamake akimsikia nyumbani akisoma Amma bila kosa anatulia, anaona akili ya mtoto iko palepale. Lakini THC hufanya hivyo hasa: kilichokwisha kuhifadhiwa hukigusa kidogo, na kipya ndicho kinachokosa kuingia. Hipokampasi inashindwa kukichukua kinachopita na kukiweka akiba. Mwenzake anayekariri jedwali la kemia badala ya sura atakutana na tatizo lile lile, ila yeye hana maalim wa kumsikiliza neno kwa neno, kwa hiyo litajulikana matokeo ya muhula yakitoka.

(Kabla hujamkagua mtoto mifuko, kumbuka pia kwamba anayekesha na simu hadi saa nane za usiku huwa hivyo hivyo. Usingizi ndio unaoweka kumbukumbu.)

Je, akili hupungua moja kwa moja?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na ni vyema mtu aujue kabla hajapeperusha takwimu kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipimwa akili wakiwa na miaka 13, kabla ya bangi, na tena wakiwa na miaka 38. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: wale walioanza ujanani na kuendelea kwa miaka mingi hadi kuwa wategemezi walipoteza hadi pointi 8 za IQ. Walioanza wakiwa watu wazima hawakuonyesha mporomoko huo. Na walioanza ujanani, hata walipopunguza au kuacha baadaye, hawakurudi kikamilifu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Kisha wakaja wapinzani. Wengine walisema umaskini na mazingira ya nyumbani yangeweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Mwaka 2016 ukatoka uchunguzi wa tafiti mbili za Marekani zenye vijana zaidi ya 3,000, wote pacha. Ubora wa pacha ni kwamba wamekulia nyumba moja, wamekula chungu kimoja, na damu yao ni ya karibu. Ikiwa bangi ndiyo inayopunguza akili, pacha anayevuta angetakiwa kuwa chini ya mwenziwe asiyevuta. Hakuwa chini kwa kiwango cha kutajika. Wote wawili walikuwa wamepungua kidogo, jambo linaloonyesha kidole kwenye kitu walichoshiriki nyumbani au katika damu.

Nani ana haki? Mimi naona tafiti hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Ule wa Dunedin uliwashika watu waliovuta sana kwa miaka zaidi ya 20. Ule wa pacha uliwaangalia vijana hadi mwisho wa ujana wao tu, na wengi wao hawakuwa wavutaji wakubwa. Kijana aliyejaribu mara kadhaa likizo ya Agosti hana ushahidi wowote dhidi yake kwamba ameharibu akili yake. Anayevuta kila siku tangu kidato cha kwanza na kuendelea hivyo hadi utu uzima yuko katika hesabu nyingine.

Picha za ubongo nazo zina la kusema, bila kumaliza kesi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa vijana 799 wa Ulaya waliopigwa MRI wakiwa na miaka 14 hivi, wote wakiwa hawajawahi kuvuta, na tena miaka mitano baadaye. Gamba la ubongo hupungua unene kwa kila kijana katika umri huo; ni sehemu ya ule upangaji niliousema. Kwa waliokuwa wameanza bangi, gamba la mbele lilipungua kwa kasi zaidi, na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo lilivyopungua zaidi. Tena maeneo yaliyopungua yalilingana na yale ambayo huwa na vipokezi vingi vya CB1. Upungufu wa haraka una maana gani maishani ni swali jingine, ingawa watafiti hao waliuhusisha na kukosa subira, kutenda kabla ya kufikiri. Kwa kuwa walipigwa picha kabla ya msokoto wa kwanza, ni vigumu kusema tofauti hiyo ilikuwepo tangu mwanzo.

Wazimu, majini, na hesabu ya hatari

Tishio la zamani kuliko yote ndilo lenye ushahidi mwingi, isipokuwa sisi hulieleza vibaya.

Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 45,570 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipatikana na skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara 6 zaidi ya wasiovuta, katika miaka 15 iliyofuata. Tofauti ilipungua watafiti walipozingatia matatizo mengine waliyokuwa nayo vijana hao, lakini haikuisha. Tangu hapo tafiti nyingi zimerudia kuona uhusiano huo. Wa mwaka 2019, uliofanywa katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, uligundua kwamba wanaovuta kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, wana uwezekano wa kupata saikosisi unaokaribia mara 5 ya wasiovuta. Saikosisi ni pale mtu anapopoteza mshiko wa uhalisia: anasikia sauti wengine hawazisikii, au ana yakini kwamba majirani wanapanga njama dhidi yake.

Sasa fanya hesabu. Skizofrenia humpata chini ya mtu 1 kati ya 100 katika maisha yake. Hata hatari ikizidishwa mara 4 au 5, vijana wengi mno wanaovuta hawataugua kamwe. Kwa hiyo kijana anayesema "mbona fulani anavuta na yuko sawa" anasema kweli, na anayejibu kwamba bangi huleta wazimu pia anasema kweli. Wanazungumzia watu tofauti. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia mtoto yupi yuko katika wachache hao. Dalili pekee ya maana tuliyo nayo mapema ni ukoo: mwenye baba, mama au ndugu wa kuzaliwa naye mwenye skizofrenia anabeba hatari ya karibu 1 kati ya 10 kabla hata hajagusa msokoto. Familia nyingi za kwetu zina mjomba wa namna hiyo, na hasemwi. Watoto hukua wakiambiwa alirogwa kwa ajili ya shamba au kazi ya bandarini. Laiti angetajwa kwa jina la ugonjwa wake, mpwa wake angekuwa na sababu ya kujiepusha iliyo nzito kuliko hotuba yoyote ya gwaride.

Wapo wanaosema mambo ni kinyume, kwamba anayeanza kuugua ndiye anayetafuta bangi ili atulie. Hilo nalo lipo. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha njia inakwenda pande zote mbili: wengine huvuta kwa sababu dalili zimeanza, wengine dalili huanza kwa sababu wamevuta. Kwa mzazi tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwani katika hali zote mbili kuendelea kuvuta huzidisha ugonjwa.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Kijana wa miaka 17 anaanza kujifungia chumbani. Anaacha kuoga. Anafunika kioo cha kabati kwa kanga ya mamake kwa sababu kuna mtu anamtazama kupitia humo. Nyumbani wanasema amepandwa. Anasomewa ruqya, anapelekwa kwa mganga Kwale, analetewa kombe, anahamishiwa kwa shangazi Malindi ili abadilishe hewa. Mwaka unapita. Sina ugomvi na anayemsomea mwanawe Kur'ani; asome, na asubuhi ampeleke hospitali. Moja ya mambo yaliyo thabiti katika tiba ya akili ni kwamba saikosisi ikikaa muda mrefu bila dawa, kupona kunakuwa kugumu na kazi na masomo vinaharibika zaidi. Na wale wanaopona haraka baada ya kurukwa na akili kwa ajili ya bangi wasiambiwe "ilikuwa stimu tu, imeshuka". Nchini Denmark, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliowahi kupata saikosisi ya bangi baadaye walipatikana na skizofrenia au ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia.

Kinachouzwa hapa

Mzee wa matatu ya Bamburi na mjukuu wake hawavuti kitu kimoja. Huko Marekani, ambako bangi inayokamatwa na polisi imekuwa ikipimwa, kiwango cha THC kilikuwa kama asilimia 4 katikati ya miaka ya 1990, na miaka 20 baadaye kilikuwa kimefika asilimia 12 hivi. Hapa kwetu kete haina lebo. Ile inayosifiwa maskani kuwa ni kali, inayouzwa ghali kwa sababu hiyo, ndiyo tafiti za saikosisi zinayoizungumzia.

Halafu kuna biskuti. Mzazi anayenusa nguo hatanusa chochote. Bangi ikiliwa huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kushika, kwa sababu hupitia tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Mtoto anakula moja, haoni kitu, anakula ya pili na ya tatu, kisha zote zinamshika pamoja akiwa darasani. Wanaopelekwa hospitali wakiwa wanatetemeka na kudhani wanakufa mara nyingi ni wa aina hii.

Na ni nadra hapa kwetu kijana kutumia bangi peke yake. Kuna muguka, aina ya miraa, wa kumkesha, bangi ya kumtuliza, na kwa wengine bugizi, vidonge vya usingizi, ya kumlaza. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na kwa wiki nzima mji haukuzungumza lingine. Nilitamani wakati ule mtu aulize ubongo wa miaka 15 unaendaje ukikanyagwa mafuta na breki kila siku kwa pamoja. Tafiti nyingi nilizozitaja zilijaribu kuitenga bangi na vitu vingine. Maisha ya Majengo hayaitengi.

Ile hoja ya kwamba bangi ni dawa nitaipita haraka. Kuna kemikali nyingine ndani ya mmea huo, CBD, isiyolewesha, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kutibu aina adimu za kifafa cha watoto. Inatolewa kwa kipimo, na haina uhusiano na kinachouzwa kwenye kichochoro.

Akiacha

Habari njema ipo na haisemwi vya kutosha. Mwaka 2018, watafiti wa Marekani waliwalipa vijana wa miaka 16 hadi 25 waliokuwa wakivuta mara kwa mara ili waache kwa mwezi mmoja, wakiwapima kuthibitisha. Uwezo wao wa kuingiza mambo mapya kichwani uliongezeka, na sehemu kubwa ya ongezeko ilitokea wiki ya kwanza. Umakini haukubadilika sana. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo huo, uliokusanya tafiti 69 za vijana, ulikuta kwamba tofauti ya kiakili kati ya wavutaji na wasiovuta ni ndogo, na katika tafiti zilizowataka watu wasivute kwa zaidi ya saa 72 kabla ya kupimwa, ilikuwa ndogo zaidi. Yule wa Sura Yusuf ana nafasi nzuri ya kuimaliza.

Lakini kuacha si kwa kuapa tu. Miongoni mwa watu waliowahi kutumia bangi, kama 9 kati ya 100 huwa wategemezi. Kwa walioanza ujanani ni kama 17. Hao wakiacha hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, huota ndoto za ajabu na huwa na hasira za karibu. Hali hiyo huwa mbaya zaidi wiki ya kwanza na hupungua wiki ya pili au ya tatu. Mzazi asiyejua hili huona mtoto aliyeahidi kuacha amekuwa mkali kuliko alipokuwa akivuta, na kumfukuza nyumbani katika wiki ile ile aliyohitaji kuvumiliwa.

Shule nazo zina kosa lao, la kupima mkojo na kufukuza. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Kipimo hakisemi kama mwanafunzi amelewa leo, wala kama alishaacha mwezi uliopita. Na mwanafunzi aliyefukuzwa saa nne asubuhi hana pa kwenda isipokuwa maskani.

Kuna kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya Port Reitz, na hospitali kuu ya Coast General inapokea wagonjwa hawa pia. Namba ya simu ya NACADA ni 1192, na haitozwi. Ukifika kwa daktari, mambo atakayoyahitaji zaidi ni haya: mtoto alianza lini, huvuta siku ngapi kwa wiki, hutumia nini kingine pamoja nayo, na nani katika ukoo amewahi kuugua akili. La mwisho hilo waulize wazee wa nyumbani kabla ya kutoka, na uulize ukiwa peke yako na nyanya yake, maana mbele ya watu atakwambia hakuna.